Kwa Vumilia, Ambaye Mume Wake Sasa Ni Wangu

Vumi wangu,

Nimeanza barua hii mara tatu. Mara ya kwanza niliandika "Mpendwa marehemu", nikaona hapana, hujawahi kuwa mpendwa marehemu kwangu, ulikuwa Vumi. Mara ya pili nilianza kwa kukuomba msamaha, nikaona naanza na uongo, maana nilikuwa bado nimekasirika. Sasa naandika tu. Nimekaa jikoni kwako Iringa, na mume wako yuko nje anamwagilia mboga. Mume wangu. Unaona? Hata hapo kalamu imesita.

Nikueleze kwanza, maana una miaka mitatu tangu utuache na huna habari. Baba Neema amenioa.

Nilikuja kukuzika nikitokea Mbeya na begi moja, nikakaa wiki mbili naosha masufuria ya msiba pamoja na akina mama wa usharika wako. Niliporudi nyumbani akaanza kunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Mwanzoni aliuliza vitu vya kuuliza mtu yeyote: maharage yanalowekwa muda gani, blanketi zito linafuliwaje. Baadaye hakuuliza kitu, tukawa tunaongea tu. Halafu siku moja akaniambia, "Mama Atu, mimi na wewe tumebaki kama abiria wawili waliosahauliwa stendi. Kwa nini tusipande basi moja?" Nilicheka mpaka mwanangu Atupele akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Tulifunga ndoa kanisani kwenu, mimi na miaka yangu sitini na minne, yeye sitini na tisa. Binti yako Neema ndiye aliyenivalisha. Ananiita mama mdogo, na analitamka vizuri, bila kulilazimisha.

Na sikufichi, nina raha. Nilikuwa mjane miaka kumi na tisa, Vumi. Nilizoea kupika sufuria dogo na kula nimesimama. Sasa asubuhi, baridi ya huku ikiwa imeshika kila kitu, mzee ananiletea chai ya maziwa kitandani na kuniuliza nimeamkaje, na anasubiri jibu. Anasoma Neno, mimi naimba, yeye anaitikia sauti ya nne iliyochoka. Jumapili tunatembea hadi kanisani, ananibebea mkoba bila kuona haya. Nilidhani mambo hayo yalishanipita.

Shida ni wewe.

Kila asubuhi katika sala anamshukuru Mungu kwa maisha ya Vumilia, ndipo anamshukuru kwa ajili yangu. Siku zote kwa mpangilio huo. Nafumba macho nasubiri zamu yangu ifike kama mgonjwa kwenye benchi. Akisahau kidogo ananiita Mama Neema. Mimi nami nikimwita Baba Neema najikuta nimekutaja wewe, kwa hiyo nimeanza kumwita Mwalimu, kama vile mimi ni mwanafunzi wake.

Kanisani nilikaa benchi la tatu upande wa dirisha, mama mmoja akaniinamia, akanisalimia kwa Kihehe na kunong'ona, "Kamwene, mama. Hapo alikuwa anakaa marehemu." Hakunifukuza. Alinijulisha tu. Nikipeleka ndizi kwenye Umoja wa Wanawake, wanakula na kusifia, halafu mmoja anasema, lakini zile chapati za Mama Neema jamani. Picha yako ya sebuleni niliitoa siku moja nikaiweka kabatini, nikajiambia naifuta vumbi. Neema alipokuja aliangalia ukuta, akaniangalia mimi. Alipoondoka nikairudisha, na nikakukasirikia wewe, badala ya kujikasirikia mimi.

Nilimweleza mchungaji wetu. Ni binti mdogo, sawa na umri wa Neema. Nilimwambia, "Mchungaji, namwonea wivu maiti." Akajizuia kucheka, nikamwona. Halafu akasema, "Mama, hayo umeshamwambia Mungu vya kutosha. Mwambie marehemu mwenyewe." Nikamwona mtoto, hajui anachosema. Hiyo ilikuwa kabla ya safari ya Mbeya.

Safari ya Mbeya ndiyo hasa inayonifanya nikuandikie.

Wale wenzetu wa chuo cha ualimu walianzisha kundi la simu, na baada ya miezi ya kutumiana sala na picha za wajukuu, wakaamua tukutane uso kwa uso. Nikasema njooni Mbeya, ni kwetu, nitawapokea. Nilitaka hivyo, Vumi. Iringa kila jiwe ni lako. Mbeya nimefundisha miaka thelathini, nikipita Mwanjelwa wauza mchele wananiita mwalimu. Nilitaka mume wangu anione nikiwa mtu, siyo mtu aliyekuja baada ya mtu.

Tulifika kumi na mmoja, wazee watupu, tumeshona sare ya kitenge cha zambarau. Tulikodi ukumbi mdogo wa kanisa. Nilipika ndizi za nazi, mchele wa Kyela, kuku wa kienyeji. Saa moja ya kwanza ilikuwa furaha tupu, watu wanashikana mashavu, wanaulizana meno yameenda wapi. Mzee wangu alikaa katikati anacheka, nami nikizunguka na sahani nilijisikia kama bibi harusi kwa mara ya pili.

Ndipo akainuka Anyesi. Unamkumbuka, yule mwembamba aliyeshikwa na malaria tukiwa mwaka wa pili, mvua zinanyesha, gari la chuo limeharibika. Sasa ni mnene, ana fimbo. Akasema anataka kumkumbuka mwenzetu mmoja kabla hatujala. Akasema yeye yuko hai leo kwa sababu ya Vumilia. Kwamba Vumilia alimweka kwenye baiskeli ya mpishi na kumsukuma kwenye matope mpaka hospitali ya misheni kule Tosamaganga, anaanguka, anainuka, anamwambia usilale, Anyesi, usilale. Akasema alikuwa hajielewi kwa homa, ila anakumbuka sweta la kijani la Vumi, harufu yake, lilivyomfunika. Akalia. Kila mtu akalia. Mume wangu akatoa leso.

Na mimi nimeshika bakuli la mboga.

Vumi, sweta lilikuwa lako. Miguu ilikuwa yangu. Wewe ulibaki bwenini kumdanganya matroni kwamba tumelala. Tulipanga hivyo mimi na wewe pale mlangoni, ukavua sweta ukamvisha, ukaniambia, "Nenda, Tuse, una nguvu kuliko mimi." Nilirudi kesho yake mchana magoti yamechubuka, ukanikanda kwa maji ya moto. Sikuwahi kumwambia mtu, sikuona sababu. Lakini pale ukumbini nikawaza, amechukua benchi, amechukua jikoni, amechukua nafasi ya kwanza kwenye sala, sasa anachukua na hili, na hata hayupo.

Nikasema. Tena kwa sauti ya darasani. "Aliyesukuma hiyo baiskeli ni mimi. Vumilia alikuwa amelala."

Amelala. Hata hilo lilikuwa uongo, na nililiongeza makusudi.

Anyesi alinitazama kama mtu aliyekanyagwa mguu na rafiki. Mmoja akasema, basi tuombee chakula. Tukaombea chakula. Nilikipika tangu alfajiri na sikukionja. Watu waliniaga kwa adabu, ile adabu inayouma, na mume wangu alikusanya viti bila kunitazama.

Kesho yake tulipanda basi kurudi Iringa. Uyole tulipita kimya. Igawa tulipita kimya. Nilikuwa nimeandaa maneno: kwamba atanisamehe au nirudi kwangu, nyumba yangu ya Mbeya ipo, Atu yupo, sitakufa. Tulipofika Makambako watu wakashuka kununua mahindi, sisi tukabaki. Ndipo akaongea, anaangalia mbele.

"Unadhani sikujua habari ya baiskeli?"

Nikamgeukia.

"Nimeisikia kwenye kila harusi na kila msiba. Kila mara alisema ni Tuse. 'Mimi nilitoa sweta tu, Tuse ndiye mwanaume wa chuo kile.' Hivyo ndivyo alivyokuwa anasema. Anyesi alikuwa na homa, amechanganya. Jana nilikuwa nainuka kumsahihisha. Hukunipa nafasi."

Halafu akacheka, siyo kicheko cha furaha.

"Mama Atu, mimi nimeishi na wewe ndani ya nyumba ile miaka thelathini na nane. Nikichelewa kurudi, naambiwa Tuse asingekubali. Nikipika, naambiwa Tuse ndizi zake zinayeyuka. Simu yako ikiita, Mama Neema anatoka nje na kurudisha mlango, nabaki nasikiliza anacheka kicheko ambacho mimi sijawahi kumchekesha. Nilikuwa nakuonea wivu. Kuna miaka nilikuwa sikupendi kabisa. Siku moja nikamuuliza, ukiambiwa uchague mmoja, mimi au yeye, unachukua nani? Unajua alinijibu nini? Alisema, mwalimu mzima huulizi swali ambalo hutaki jibu lake."

Ulisema hivyo kweli, Vumi? Maana ni wewe kabisa.

Basi likaondoka. Nilitazama mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa na nikaanza kulia, na siyo kwa aibu ya ukumbini. Nililia kwa sababu nilielewa ninachokionea wivu. Nilikuwa nadhani namwonea wivu Vumilia aliyekuwa na mwanaume huyu. Kumbe nilikuwa namwonea wivu mwanaume huyu aliyekuwa na Vumilia. Yeye alikunywa chai na wewe kila asubuhi. Yeye alijua mvi yako ya kwanza ilitokea wapi. Ulipougua yeye alikushika mkono, na mimi nilikuwa Mbeya nasahihisha madaftari ya masomo ya ziada, nikaambiwa kwa simu. Mimi nilipata simu za Jumamosi na likizo mbili au tatu. Tuliapa tutazeeka pamoja tukae tunasutana, ukaenda ukazeeka na mtu mwingine, halafu ukafa.

Nilimwambia hivyo hivyo. Tukafika Mafinga. Kisha akanishika mkono, mbele za watu, akasema, "Basi tumeoana watu wawili walionyang'anywa."

Tangu siku ile sijapona, usifikiri. Juzi ameniita tena Mama Neema. Nikamwambia, Mama Neema hayupo, niagize mimi. Tukacheka, lakini jina hilo lilinichoma kidogo, na nimekubali kwamba litaendelea kunichoma. Anyesi nilimpigia nikamwomba radhi, nikamweleza ukweli wote, kwamba hukuwa umelala, kwamba bila uongo wako kwa matroni tungerudishwa getini. Akasema, "Sasa nina watu wawili wa kuwashukuru, na mmoja bado anapokea simu." Ndaga, nikamwambia, nikimshukuru kwa lugha ya kwetu. Kwenye sala sasa nakutaja mimi kwanza, kabla mzee hajafungua mdomo. Anadhani nimekuwa mtakatifu. Nawahi tu nafasi.

Kuna jambo moja bado. Mama yako mzazi yuko Idodi, masikio yamepungua lakini akili iko timamu. Neema ananiambia kila akienda bibi anauliza, yule rafiki yake Vumi mbona haji? Nimekwepa mara tatu. Mara goti, mara kwaya, mara barabara ya huko mbovu. Ukweli niliogopa atanitazama aone mtu amekalia kiti cha mwanawe. Na nilimwonea wivu hata yeye, bibi wa watu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na wewe kabla yetu sote.

Nakuahidi, Jumamosi nakwenda na Neema. Nitampelekea mchele na sukari na blanketi. Nitapiga magoti nimsalimie kwa Kihehe changu kibovu, nimwambie kwa mdomo wangu nimeolewa na nani, asisikie kwa wengine. Kisha nitakaa karibu yake na kumwomba anisimulie habari zako za utoto, zote, zile ambazo sikuwepo, mpaka achoke. Nitazionea wivu moja moja.

Lala salama, mwenzangu. Mzee ameingia, anauliza namwandikia nani.

Nimemwambia.

Wako,
Tusekile