Damu ya Bluu

Shoga, leo kalamu zangu za rangi nusura zivunje ndoa ya watu wodini.

Nimewachorea wazazi moyo wa kichanga chao, wenye tundu tangu kuzaliwa, ili wakubali upasuaji. Damu yenye hewa safi nyekundu, isiyo na hewa bluu. Msanii mimi!

Bibi wa mtoto akaruka: “Bluu? Ukoo wetu damu nyekundu tupu! Hiyo kaja nayo huyu mkwe!”

BLUU, shoga! Kaja nayo mkwe! Mkwe analia, mimi naapa ni rangi tu, nani anisikilize?

Baba mtoto akaninyang'anya kalamu nyekundu, akapaka moyo mzima. “Haya mama, yote yetu. Nesi, nasaini wapi?”

Sanaa yangu ndiyo imeharibika hivyo. Mtoto anapasuliwa Jumatatu.