Rehema Aliponiombea Ndani ya Basi

Jumamosi, Voi

Sikumwomba Rehema aniombee. Nilimwambia tu, juzi kwetu Mombasa, pale Buxton, tukingoja mazoezi ya kwaya, kwamba baba ameirudia pombe na mama amehamia kwa shangazi. Nilimwambia yeye peke yake kwa sababu tumekua pamoja.

Leo asubuhi basi la kutuleta kuimba huku Voi halijavuka hata daraja la Makupa, mwalimu wa kwaya akauliza nani ana hitaji la maombi. Rehema akasimama.

"Tumkumbuke Mwende. Baba yake ameurudia ulevi, na mama ameondoka nyumbani."

Kisha mikono ikanijia mabegani na kichwani, wakaniombea kwa sauti huku nimefumba macho kwa aibu.

Tuliposhuka hapa Voi akanifuata. "Mbona umeninunia? Nilitaka usaidike."

"Ungeniuliza kwanza, Rehema."

"Kwani kuombewa ni kubaya?"

Tulipoimba nilisimama mwisho wa safu, mbali naye.

Baba amenipigia simu sasa hivi. Hakuwa amelewa, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani. Aliuliza tumeimbaje. Kisha akasema, "Nisalimie Rehema. Yule mtoto ana adabu sana."

Nikamwambia salamu zitafika.