Bomu ya Mbao

Siku ya kwanza, 2 mwezi wa saba 1956
Baridi. Upepo wa ziwa tangu asubuhi, chisense, dagaa zetu, hazikauki. Nimezigeuza mara mbili. Bwalya ameenda masomo na mafua yake. Baba yake, BaShibwalya, ameitwa tena kwa muzungu kijana wa bilo ya serikali. Sijui wanaongea nini, mutu wa nyavu na mutu wa karatasi.

Naandika Kiswahili ya masista wa kwetu, ng'ambo, Congo. Humu nyumbani wanasoma Kibemba tu. Vizuri.

Siku ya ine, 5
Nimejua. Muzungu ana meza kubwa barazani, mchanga juu yake, askari wadogo wa chuma, vifaru vidogo sawa mende. Wanacheza vita. Amesoma vitabu vya vita vyote, na sasa anataka kujua vile askari wa miguu anaweza kuua kifaru kwa mikono yake mwenyewe. Kumbe watu wamefanya hivyo katika inchi mingi. Wengine walifunga bomu kwenye mti mrefu wakachoma nayo kifaru sawa na mkuki. Wengine walilala pembeni ya njia na kamba, wakaivuta bomu mpaka mbele ya kifaru, sawa mutu anavuta wavu. Wengine walingoja ndani ya shimo, bomu magotini. Wengine waliibeba tu mukononi, wakakimbia.

BaShibwalya aliona hayo kule Burma, vita ya Wajapani. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya kifaru cha Waingereza, kuangalia majani, mwenye bomu asifike.

Kwenye meza wanatupa dadu. Ikianguka sita, mwenye bomu amefaulu. Isipoanguka, wanamutoa mezani. Alinieleza akila bukari, akacheka. Kisha akaacha kula.

Tangu arudi vitani hajaniambia neno moja ya Burma, mpaka leo hayo machache. Muzungu anaambiwa yote. Nina wivu. Ndiyo, wivu.

Siku ya posho, 7
Posho ijayo, siku ya sita, kuna sikukuu. Ngoma, mpira, machifu. Muzungu ameomba askari wa zamani waonyeshe vita kwenye kiwanja. Kifaru kitakuwa loli ya samaki ya tajiri wa Mulenga: wataifunika matete, watapaka masizi, bomba ya bati mbele. Mulenga ataendesha. Yeye na BaShibwalya waliandikwa jeshini siku moja, wakarudi siku moja.

BaShibwalya atakuwa Mujapani mwenye bomu. Amejichagua mwenyewe.

Nimemuuliza juu ya nini ni yeye, si mwingine. Akasema wengine hawajui vile yule mutu anakimbia.

Siku ya pili, 10
Nimeenda kuchimba mihogo, nikakuta shimo mpya pembeni ya shamba. BaShibwalya alikuwa ndani. Saa sita ya mchana, jua kali. Amekaa, magoti juu, amekumbatia ubao wa mviringo aliochonga mwenyewe. Bomu yao ya mchezo. Hakunisikia. Nilimuita kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo silitaji kamwe, ndipo akainua kichwa.

Alitoka, akanisaidia kubeba kikapo. Naogopa.

Siku ya tatu, 11
Nimeenda kwa Mulenga, kwenye loli. Nilimukuta anafunga matete.
"Shemeji, chukua mutu mwingine."
"BanaBwalya, ni mchezo tu. Naenda pole pole sawa kinyonga. Atatupa ubao chini, atajigeuza pembeni, watu watapiga makofi."
"Anakaa ndani ya shimo."
Akaacha kamba.
"Hata mimi, tangu vita, kuna vitu nafanya," akasema. "Muke wangu hajui bado."
Nikarudi nyumbani na uzito zaidi ya ule niliokuja nao.

Siku ya tano, 13
Leo ameniambia. Alikuwa anashona wavu, mimi nachambua majani ya sombe. Hakuniangalia.

Walikuwa njiani asubuhi, kifaru katikati, yeye upande wa kushoto. Majani yakafunguka, mutu akatoka. Mufupi, hana viatu, bomu kifuani, ameishika kwa mikono miwili sawa mama anabeba sufuria ya moto. BaShibwalya aliinua bunduki. Mutu akamuangalia. Hakuwa na hasira. Uso wa mutu aliyechelewa kazini, ndivyo alivyosema. BaShibwalya akapiga risasi, lakini yule alikuwa tayari amelala chini ya minyororo ya kifaru. Kisha moto. Wazungu watatu ndani ya kifaru. Mmoja wao alikuwa anawapa BaShibwalya na wenzake sigara.

"Nini iliyokuwa mbele ya macho yake pale chini? Nataka kujua hiyo tu," akasema.

Nikamuambia: mufu hana macho. Lilikuwa jibu baya. Ningeshika mukono wake. Sikushika.

Siku ya posho, 14
Niko lopitali ya masista. Yuko hai. Siwezi kuandika.

Siku ya Mungu, 15
Nitaandika, nisipoandika kichwa itapasuka.

Watu walijaa kiwanja. Watoto walikuwa juu ya miti. Loli ikaja, ilitisha kweli, hata Bwalya alijificha kwenye kitenge yangu. Askari wa zamani wakatembea pembeni na fimbo badala ya bunduki. Mulenga alienda pole pole, kama alivyoahidi.

BaShibwalya akatoka kwenye majani. Miguu bila viatu. Sijawahi kumuona akikimbia vile. Hakukimbia sawa mutu anayecheza. Alifika mbele ya loli, akalala, akaingia chini na ubao kifuani. Nikangoja atoke upande wa pili. Ndivyo walivyojifunza, kutupa na kutoka. Hakutoka.

Loli ikapanda kidogo, ikashuka.

Watu wakapiga makofi. Walipiga makofi! Vigelegele. Walifikiri ndiyo mchezo wenyewe. Mulenga alikuwa amesharuka chini, anavuta miguu ya mwenzake, analia kwa sauti ya mutoto, na makofi yanaendelea.

Kifua na tumbo. Sista ameniambia niombe.

Siku ya pili, 17
Asubuhi aliniita. Sauti ilikuwa nyembamba sana, niliweka sikio kwenye midomo yake.
"BanaBwalya. Sikutaka kufa."
Nikasema najua.
"Nilitaka kuona tu. Nilifikiri nitapata nafasi ya kutoka."
"Uliona nini?"
"Chuma. Mafuta yanadondoka. Hakuna kingine."

Alionekana kama mutu aliyedanganywa. Akaomba maji, sista akakataa. Nililowesha kitambaa, nikamupangusa midomo. Hii mara nilishika mukono. Saa ya watoto kutoka masomo akaenda.

Siku ya ine, 19
Tumemuzika. Ndugu zake wamekuja kutoka Chienge. Wameanza kuuliza nitakaa au nitarudi kwetu ng'ambo. Kaburi ina udongo mubichi, tayari wanauliza.

Muzungu alikuja, kofia mukononi. Alisema pole kwa Kibemba kibaya. Akasema yeye alikuwa mutoto wa masomo wakati wa vita, hakuona hata moja. Nilitaka kumuchukia. Nilijaribu kweli. Sikuweza.

Mulenga hakuja kaburini. Wanasema amelala, hali chakula.

Siku ya posho, 4 mwezi wa nane
Upepo umetulia. Nimewaambia watu wa Chienge ninakaa. Bwalya ana masomo hapa, baba yake yuko hapa.

Mulenga amekuja. Amekonda. Loli amemurudishia tajiri wake, hataendesha tena. Nilikuwa ufukoni mwa ziwa napasua samaki ya mpale, akakaa upande mwingine wa beseni, akachukua kisu cha pili bila kuuliza. Tulipasua. Baadaye akauliza, macho kwenye samaki:
"Alisema kitu juu yangu?"
BaShibwalya hakusema kitu juu yake. Hakutaja jina lake hata mara moja.
"Alisema ulisimamisha loli mbio," nikamuambia. "Alisema: Mulenga alisimamisha mbio, mumuambie."
Aliitikia kwa kichwa, mara mingi. Machozi yalianguka kwenye beseni, hakuyapangusa, mikono ilikuwa na magamba.

Nikamusogezea chumvi. Samaki zilikuwa bado mingi.