Kobe Mpole wa Baba Paskalina

Baba Paskalina,

Ugali uko kwenye sufuria, nimeufunika. Mimi na Paskalina tumekwenda mnadani Dongobesh, tutarudi jioni. Kobe yuko uani, juani, kwenye beseni. Usimpe maziwa! Si ndama huyo.

Asubuhi mwanao alilia sana. Kobe alikuwa amevimba macho hadi hayafunguki, na puani anatoa mapovu. Nikambeba hadi kwa bwana mifugo. Akauliza nani alimchagua. Nikasema ni mume wangu: kwa kaka yake huko Dirma walikuwepo wawili, akamwacha yule msumbufu aliyerusha miguu, akachukua huyu aliyetulia, kama anavyochagua ng'ombe wa kukamua. Alicheka huyo! Kumbe kobe mzima ni mzito mkononi, macho yake yako wazi, na ukimgusa anavuta miguu ndani kwa nguvu. Anayetulia hivyo ni mgonjwa. Na mimi nilikusifia, basi tumekosea wote.

~~Kesho mrudishe Dirma.~~ Hapana, abaki. Mtoto ameshamwita Basili, jina lako. Na bwana mifugo amempa dawa, anasema tumewahi.

Saa sita mbadilishie maji, yawe ya uvuguvugu, yasimfike puani. Majani ya maboga yako kwenye ungo.

Nilipomwinua kumweka kwenye beseni, alinipiga teke, akanikojolea mkono mzima. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Mchana mwinue na wewe. Naomba nikirudi nikukute umelowa.

Mama Paskalina