Vifuniko vya Mado

Mujukulu wangu Sifa,

Minye niko muzima, magoti tu njo inaniuma. Mama yako iko Kakontwe, anakusalimia.

Unauliza kama batoto ba kalasi unafundisha banaweza kujifunza dikte, kuandika maneno bila makosa, kwa kucheza. Wakati nilikuwaka mwalimu, mutoto mumoja, Mado, aliandika herufi juu ya vifuniko vya chupa. Benzake balishindana kupanga maneno, bakacheka sana. Minye niliona ni fujo, nikatupa yote mu choo.

Juzi nilimukuta Mado ku soko, sasa ni mama wa batoto. Nikamuomba musamaha. Akasema pole-pole: «Madamu, ilibakia herufi mbili tu za kuandika, zote zitimie. Nilitaka kukuletea yote, ikuwe ya kalasi.»

Nilirudia nyumbani bila kununua kitu. Acha bacheze, Sifa.

Kambo yako