Mkataba Ulioutuma Mara Tatu

Nyumbani, Antique
Juni 8

Mpendwa dada yangu, Manang Delfa,

Salamu nyingi zikufikie huko Hong Kong, zikukute mzima na mgongo umepoa. Sisi hatujambo. Mama yetu, Nanay, ana kikohozi kidogo cha mvua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Jana alimfukuza nguruwe wa jirani kwa maneno ambayo padri asingependa kuyasikia. Anauliza kama unakula wali ukashiba au bado unashindia mkate wa waajiri wako. Utashangaa kupata karatasi wakati tunaongea kwenye simu kila Jumapili. Soma taratibu, utaelewa.

Kazini ni yale yale. Kompyuta za ofisi yetu ya mji ni kuukuu, na kila kitu cha mkoani huja kwa barua pepe, kwa hiyo kutwa naitwa: Amelou, njoo, hii kitu haifunguki! Juzi mhazini, Bwana Panfilo, alitumiwa picha za daraja, zikagoma. Badala ya kuniita, akafuta mkia wa jina la faili akaandika mkia wa faili la hesabu, akidhani picha zitageuka. Nilimwambia paka hata umvike pembe haanzi kulia kama mbuzi. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka, akanilipa suman mbili za wali mtamu, maana ada yangu pale ni chakula. Siku ya pili akanuna kwa sababu nilikataa kumfungulia mwaliko wa harusi ya watu asiowajua. Nilimwambia ni kirusi. Akadai namnyima nguruwe wa kuchoma.

Wenzangu ofisini hunitania kwamba nafungua vya watu wote isipokuwa moyo wangu mwenyewe. Zamani nilikuwa nacheka nao. Tangu Aprili utani huo unanichoma.

Sasa sikia ya Bi Cresing wa masjala, yule aliyekuwa akikusuka nywele ulipokuwa shuleni. Wiki iliyopita barua yake ya uhamisho ilikuja, anapelekwa kisiwa kingine. Akamwambia bosi kiambatisho hakifunguki. Kesho yake, bado hakifunguki. Bosi akanituma. Nilibofya mara moja tu, barua ikajaa kwenye kioo, na jina lake juu. Bi Cresing akanishika mkono uliokuwa kwenye kipanya, akaninong'oneza: "Mwanangu, sema imegoma. Mume wangu yuko kitandani, nimwache na nani mimi?"

Nilimwambia barua usipoisoma haiondoki, na kwamba afadhali aende mwenyewe kwa bosi akamweleze ya mumewe, huenda akasikilizwa. Akanitazama kwa hasira. "Haya, mwalimu," akasema. "Na wa dada yako je? Mashine za mji mzima unazifungua wewe, mkataba aliokutumia dada yako ndio umekushinda miezi miwili?" Kumbe Nanay alikwisha kumsimulia kanisani.

Bi Cresing alisimama, akaenda kwa bosi huku viatu vinagonga sakafu ofisi nzima ikasikia. Uhamisho wake umesimamishwa mpaka mwakani. Mimi nikabaki kwenye kiti chake, aibu imenijaa.

Manang, nilikuambia mkataba haufunguki. Ukautuma tena, nikasema bado. Ukapoteza siku yako ya mapumziko kumsumbua fundi wa kompyuta akubadilishie, ukautuma mara ya tatu. Dada yangu, ulifunguka siku ile ile ya kwanza, kwenye simu yangu, nimesimama sokoni na samaki mkononi. Nimeusoma wote. Nimeona jina langu, na jina la dada wa mwajiri wako anayetaka mfanyakazi wa ndani, na anwani: jengo lako lile lile, ghorofa mbili juu yako. Nililia pale pale. Muuza samaki akadhani amenipunja, akaniongezea mmoja.

Usidhani ni kwa sababu ya Nanay. Yeye kila jioni huniuliza kama umefunguka, na hunihimiza niende, anasema ana dada zake wa kumtazama. Wala usidhani sikutaki. Natamani kukuona mpaka naona haya kuandika. Uliondoka nikiwa darasa la sita. Sauti yako ya kwenye simu naijua. Ile uliyokuwa ukiniitia jikoni nimeisahau, na kuna siku najaribu kuikumbuka nikashindwa.

Ningepanda ndege kesho kama ningejua tutakula meza moja. Lakini najua itakavyokuwa, umeniambia mwenyewe. Jumapili tutakaa kando ya barabara juu ya maboksi pamoja na wenzetu, tukicheka, na usiku ukiingia kila mmoja atarudi kwa wenyewe, wewe chini, mimi juu, na dari za watu katikati yetu. Sitaki hivyo. Nataka tulale nyumba moja, na nyumba hiyo iwe yetu.

Mkataba wako unaisha Novemba. Tafadhali usitie saini mwingine. Mshahara wangu ni mdogo, najua, na najua kwa kusoma haya utanikasirikia sana. Kasirika, Manang, una haki. Lakini njoo ukasirikie hapa, nikuone uso.

Nanay anakusalimu, na Bi Cresing pia, ingawa mimi bado ananinunia. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Amelou