Kipimo Kipya Chenye Nukta Nyekundu

Shoga, uko wapi?

Unakijua kile kipimo cha ndege yangu cha kuonyesha kama nimelala upande au niko sawa? Juzi mawinguni kiling'ang'ania nimelala kulia, na mimi niko sawa kabisa! Gurudumu linalozunguka ndani yake limechoka. Nikamwachia fundi.

Leo ananiambia, "Dada rubani, nimekufungia kipya."

Kipya!

Nikamwambia haya, twende tukakijaribu. Si unajua mtindo wetu, aliyetengeneza ndiye anapanda wa kwanza. Miaka sita huwa ananitangulia kwenye kiti. Leo? "Mgongo unaniuma." Mgongo! Na betri ya ndege kaibeba mwenyewe, nimemwona kwa macho yangu.

Machale yakanicheza. Nikamulika tochi. Pembeni ya kipimo, nukta nyekundu. Ile rangi ya kucha uliyonipa! Nilikitia alama kabla ya kumwachia.

"Fundi, hiki kipya kimepakwa kucha saluni gani?"

Akatupia jicho mlango wa ofisi ya bosi, kisha akaninong'oneza:

"Dada, unadhani kwa nini nimekataa kupanda?"